Kubishana na mhadhiri si utovu wa nidhamu

*Mimi ni koplo wa JWTZ, nina miaka 38, naishi Muleba. Mwaka huu nimeanza shahada ya elimu Chuo Kikuu Huria, kituo cha Bukoba. Kwenye vipindi vya ana kwa ana vijana wananyamaza nikiingia, wananiita afande. Insha yangu ya kwanza imerudi na wino mwekundu: "Hii ni ripoti. Hoja yako iko wapi?" Nimeona aibu. Mke wangu anasema ada hiyo ingepaua nyumba. Niache? – Koplo, Muleba*

Mdogo wangu Koplo,

Usiache. Umri wako si kioja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu, na kwa miaka kadhaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kilisomesha watu wenye ndoa na watoto. Chuo chako nacho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kuwafikia watu wasioweza kuacha kazi wakahamia bwenini. Hao vijana wape muhula mmoja tu, wataanza kukuomba notisi. Tena uko kwa akina nshomile, Wahaya wanaojivunia usomi. Ukiacha ndipo watakusema.

Wino mwekundu ndio wa kushughulikia. Jeshini umezoea kuandika kilichotokea, saa ngapi, wapi, nani alikuwepo. Maoni yako hayakuombwa, na ni sawa, lindo haliendeshwi kwa mjadala. Mhadhiri anataka maoni hayo hayo uliyozoea kuyameza.

Chukua Vita vya Kagera, ambavyo makaburi ya mashujaa wake yako Kaboya, wilayani kwako. Ripoti itasema majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Oktoba 1978, daraja la Kyaka likabomolewa, na Aprili 1979 Kampala ikatekwa na majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa Uganda. Yote kweli, na alama utapata chache. Insha inauliza: Amin alivuka mpaka kwa tamaa ya ardhi, au askari wake walikuwa wameasi akahitaji vita? Adui alipokwisha kurudishwa kwake, tulikuwa na haki gani ya kwenda hadi Kampala, ilhali Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine? Chagua upande, taja wanaokupinga, kisha wajibu. Ikiwa mhadhiri mwenyewe ni mmoja wao, mjibu vilevile, kwa ushahidi. Ushahidi huo utoe maktaba. Ya kambini yabaki kambini, hata kama yangekupa alama A.

Kuna jambo hukulisema, nami limenishtua. Kamanda kikosi anajua? Kama unasoma kwa ruhusa ya mdomo, huna ruhusa. Andika barua, ipitie ngazi zake, ambatisha ratiba ya mitihani, na tunza nakala yenye muhuri. Siku ukipangiwa lindo wiki ya mtihani, utakuwa na cha kuonesha. Uhamisho usikutishe, maana Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani. Ukipelekwa Songea utaendelea huko huko. Ukipelekwa ulinzi wa amani nje, omba kuahirisha masomo kabla ya kuondoka, usisubiri mitihani ipite.

Kuhusu wifi yangu, ana haki. Bodi ya Mikopo imeweka kikomo cha miaka 35, nawe umekivuka, kwa hiyo ada itatoka kwenye mshahara unaolisha watoto. Usimdanganye kwamba shahada italeta cheo, hakuna aliyekuahidi. Kaa naye, mwoneshe jumla ya ada hadi kuhitimu badala ya muhula mmoja mmoja, naye akuoneshe hesabu ya mabati na mbao. Huria hulazimiki kumaliza kwa miaka mitatu. Mwaka wa kupaua chukua masomo machache, na mwambie mapema ni mwaka upi.