Kupima na Kuunga Nyaya za V-Boost: Mwongozo kwa Mafundi wa Pikipiki

Mwongozo huu ni wa fundi anayeletewa Yamaha V-Max ya kizazi cha kwanza, ile ya cc 1,198 iliyotoka kuanzia modeli ya 1985 hadi 2007, na mwenyewe analalamika kwamba pikipiki haina tena ule msukumo wa kasi ya juu unaoletwa na mfumo wa V-Boost. Lalamiko hilo huwapeleka mafundi wengi moja kwa moja kwenye kununua kidhibiti kingine cha mfumo huo, au kufunga swichi ya mkono ili mfumo ufunguke kwa lazima. Njia zote mbili humgharimu mteja kabla hitilafu yenyewe haijajulikana. Kanuni ya mwongozo huu ni moja: pima kwanza, uunge baadaye, na kidhibiti kiwe kitu cha mwisho kushukiwa.

1. Fahamu mfumo unavyofanya kazi

V-Boost si turbo. Haisukumi hewa ndani ya injini. Inaifungulia hewa njia ya pili. Injini ya V-Max ina silinda nne, na kila silinda ina kabureta yake. Kwenye manifoldi za kuingizia hewa, silinda zimeunganishwa mbili mbili kwa njia ya pembeni, na ndani ya kila njia kuna vali ya kipepeo.

Injini ikiwa chini ya mizunguko 6,000 hivi kwa dakika, vipepeo hufungwa na kila silinda hunyonya kwenye kabureta yake peke yake. Ikivuka hapo, kidhibiti huiamuru mota ndogo ya umeme ivifungue vipepeo kidogo kidogo, na injini inapofika mizunguko 8,000 hivi huwa wazi kabisa. Silinda mbili za jozi hazinyonyi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila moja hupata kabureta mbili kwa zamu. Mfumo huu ndio uliowezesha pikipiki hiyo kufikia takriban nguvu farasi 145.

Umeme wa mfumo una makundi manne: nyaya za kuleta umeme na ethi, waya wa ishara ya kasi ya injini kutoka mfumo wa kuwashia, nyaya za mota, na nyaya za kihisi cha mkao kinachokiarifu kidhibiti vipepeo vimefika wapi. Kila kundi lina kipimo chake, na ukiyapima kwa mpangilio, hitilafu haina pa kujificha.

2. Hakikisha pikipiki ina V-Boost

Si kila V-Max iliuzwa na mfumo huu ukifanya kazi. Ufaransa, kwa mfano, ilikuwa na kikomo cha nguvu farasi 100 kwa pikipiki hadi 2016, na baadhi ya masoko mengine ya Ulaya yaliletewa V-Max zilizopunguzwa nguvu. Pikipiki iliyonunuliwa ikiwa imetumika inaweza kuwa imepita nchi kadhaa na mikono mingi. Muulize mteja ilikotoka, kisha fungua uone mwenyewe: kuna mota? Kuna kidhibiti? Njia kati ya manifoldi ziko wazi au zimezibwa? Usimuuzie mteja matengenezo ya kitu ambacho pikipiki yake haikuwahi kuwa nacho.

3. Andaa kazi

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mahali penye hewa ya kutosha. Moshi wa injini unaua ndani ya chumba kilichofungwa, na mivuke ya petroli hushika moto kwa cheche ndogo. Vua pete na saa ya chuma. Kabla ya kukata au kuunga waya wowote, ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Ukimaliza, uwe wa mwisho kurudishwa.

Tafuta mchoro wa nyaya wa mwaka na soko la pikipiki hiyo hasa. Usiongozwe na rangi za nyaya ulizozizoea kwenye pikipiki nyingine, kwa sababu rangi hubadilika, na mafundi waliotangulia wanaweza kuwa wameunga kwa waya wowote walioupata.

4. Pima kwa mpangilio huu

Betri. Ikiwa imetulia, betri nzuri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi. Chini ya 12.4, ichaji kwanza. Kisha washa injini, ivute mafuta kiasi, upime tena: usomaji wa kati ya volti 13.8 na 14.5 unaonyesha kwamba mfumo wa kuchaji uko sawa. Usipime V-Boost kwa betri dhaifu. Utapata majibu ya uongo.

Sauti ya mota. Fungua swichi ya ufunguo na swichi ya injini bila kupiga stata, kisha sikiliza. V-Max yenye V-Boost nzima hutoa mlio mfupi wa mota inayozunguka na kurudi. Ukiusikia, umeme unafika na mota inaitikia. Ielekeze shaka yako kwenye ishara ya kasi ya injini, kihisi cha mkao au vipepeo vyenyewe. Usipousikia, endelea na hatua inayofuata.

Umeme na ethi. Kagua fyuzi kwa mita, si kwa macho tu. Kisha pima kwenye soketi ya kidhibiti, na upime ikiwa na mzigo. Mita ya dijiti huonyesha volti 12 hata kama umeme unapita kwenye uzi mmoja wa waya uliobaki, lakini uzi huo hauwezi kuendesha mota. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge kati ya waya wa umeme na waya wa ethi wa soketi hiyo. Ikiwaka kikamilifu, njia ni nzima. Ikififia, acha balbu ikiwaka, weka mita kati ya waya wa ethi na ncha hasi ya betri: zaidi ya volti 0.2 ni ethi mbovu. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya. Kutu ndani ya soketi na boliti ya ethi iliyolegea ni hitilafu za kawaida kwa pikipiki ya umri huu, hasa iliyokaa karibu na bahari.

Mota. Chomoa soketi ya mota kutoka kwenye kidhibiti. Ipe mota umeme wa betri moja kwa moja kupitia fyuzi ya ampia 5, kwa mguso mfupi tu. Inapaswa kuzunguka, na ukigeuza chanya na hasi, izunguke upande wa pili. Usiishikilie kwenye umeme inapofika mwisho wa mwendo wake, na usipeleke volti 12 kamwe kwenye nyaya za kihisi. Mota ikikwama, tenganisha kiungo chake na vipepeo uone kinachokwama ni kipi. Mara nyingi masizi na uchafu wa mafuta ndivyo vilivyogandisha ekseli ya vipepeo.

Kihisi cha mkao. Weka mita kwenye omu. Kati ya nyaya mbili za pembeni, usomaji hubaki ule ule. Kati ya waya wa kati na mmoja wa pembeni, usomaji hupanda au kushuka taratibu mota inapozungushwa. Usomaji ukiruka au kupotea ghafla, kihisi kimechakaa.

Ishara ya kasi ya injini. Pima mwendelezo wa waya huo kutoka kidhibiti hadi mfumo wa kuwashia, kisha hakikisha haujapiga shoti kwenye bodi. Usitoboe ganda la waya kwa sindano. Tundu hilo huingiza maji. Pima kwa nyuma ya soketi.

Yote haya yakiwa mazima na mfumo bado haufanyi kazi, sasa una haki ya kukishuku kidhibiti.

5. Unga nyaya zidumu

Badilisha waya uliooza kwa waya wa shaba wa unene ule ule au zaidi, kamwe si mwembamba. Unga kwa kiungio cha kubana kwa koleo lake, au kwa lehemu, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu pekee huachia kwa joto la injini. Waya mpya wa chanya unaotoka betri uwekewe fyuzi karibu kabisa na betri. Pitisha nyaya mbali na eksozi na mbali na nyaya za plagi, zifunge kwa klipu, kisha geuza usukani kushoto na kulia hadi mwisho kuhakikisha hakuna waya unaovutika.

Wapo wateja watakaoomba swichi ya kufungua V-Boost muda wote. Wakatalie kwa maelezo. Vipepeo vikiwa wazi kwenye kasi ndogo, mwendo wa hewa katika kila kabureta hupungua, petroli haichanganyiki vizuri, na injini hupoteza uitikivu pale dereva anapouhitaji mjini.

6. Thibitisha na ukabidhi

Acha injini ipate joto lake la kawaida. Ikiwa kwenye nyutro, ivute mara moja kwa muda mfupi huku ukitazama ekseli ya vipepeo: ianze kugeuka karibu na mizunguko 6,000, na irudi kufunga injini inaposhuka. Usiizidishe, wala usiishikilie huko juu.

Kabla ya kumkabidhi mteja ufunguo, mweleze kwamba msukumo umerudi na pikipiki itabadilika ghafla mkononi mwake katikati ya gia; matairi na breki vikaguliwe kabla hajaijaribu barabarani. Mwandikie ulichopima, usomaji uliopata na ulichobadilisha. Karatasi hiyo humlinda yeye asilipie kazi ile ile mara mbili, na humpa fundi atakayefuata mahali pa kuanzia.