KIFUNDO CHA BABU: KUBADILISHA AU KUUNGANISHA?

Mpenzi msomaji, kabla hujageuza ukurasa huu ukidhani umepotea ukaingia katika kitabu cha Baiolojia, ngoja kwanza. Nataka tujifunze juu ya kiungo kimoja tu, yaani kifundo cha mguu, na aliyenisukuma kukisoma ni babu yangu.

Sisi tunakaa Kitale, naye yuko Bungoma, na kila likizo ya Agosti mimi ndiye hutumwa kumsaidia kuvuna mahindi. Mwaka 1998 babu alikuwa mtu wa boda boda. Usifikirie pikipiki! Siku hizo boda boda ilikuwa baisikeli yenye kiti cha sponji nyuma, na jina lenyewe lilizaliwa Busia, watu walipokuwa wakivushwa kutoka boda moja hadi nyingine. Basi siku moja akiteremka na gunia la mahindi, breki zilikatika, akaanguka na kifundo cha kulia kikavunjika. Hakwenda hospitali. Mzee mmoja alimfunga vijiti, na baada ya miezi miwili akarudi kazini akichechemea. Kila mtu alisema amepona.

Miaka ilipita, maumivu yakaanza. Kwanza asubuhi tu, halafu mchana kutwa, mwishowe hata usingizi ukamhama. Majirani walisema ni baridi yabisi ya uzee. Mimi pia nilisema hivyo, kwani nilikuwa sijui.

Sasa tuingie somo lenyewe. Ukila mguu wa kuku, tazama mwisho wa mfupa: kuna utando mweupe unaoteleza. Hilo ndilo gegedu. Kazi yake ni kuzuia mfupa usisugue mfupa. Katika kifundo, mfupa mkubwa wa muundi na ule mwembamba wa kando huushika mfupa wa tatu, uitwao talasi, jinsi seremala anavyochomeka ulimi wa ubao katika shimo lake. Vikiachana hata kidogo tu, uzito wote wa mwili huangukia mahali pamoja, na gegedu huliwa polepole. Nyonga na goti aghalabu huchakaa kwa umri. Kifundo sivyo! Takribani watu 7 kati ya 10 wenye ugonjwa huu mkali wa kifundo waliumia hapo zamani. Kwa hiyo babu hakuwa mgonjwa wa uzee. Alikuwa mgonjwa wa 1998.

Daktari wa mifupa huko Eldoret alitazama eksirei akasema gegedu limekwisha kabisa. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba watu huwekewa viungo vya chuma, nikamwambia babu mbele ya jamaa wote, "Tutafanya harambee, uwekewe kifundo kipya!" Babu alifurahi sana. Lakini daktari alipendekeza jambo lingine: kuunganisha mifupa iwe mmoja, kiungo kisikunjike tena. Nyumbani palizuka kelele. Mjomba alisema tunadharauliwa kwa sababu ya umaskini. Nami nilikasirika, nikaamua kusoma.

Nilichokipata ni hiki. Mwingereza John Charnley alifaulu kubadilisha nyonga mwaka 1962, na siku hizi nyonga na magoti hubadilishwa hata hapa Kenya, mathalani Kijabe. Kifundo kilikuwa kigumu zaidi. Wafaransa walikijaribu mwaka 1970, lakini vifundo vile vya kwanza vililegea upesi, kwani kiungo hiki ni kidogo na uzito unaokikandamiza ni mkubwa. Baadaye Mdenmaki Hakon Kofoed akabuni kifundo chenye vipande viwili vya chuma na plastiki ngumu katikati, iteleze badala ya gegedu. Vifundo vya sasa hufanya kazi vizuri, ila navyo huchakaa, na kazi nzito huviharibu mapema.

Kuunganisha je? Gegedu lililobaki hukwanguliwa, mifupa hubanwa kwa skrubu, mguu hutiwa plasta kwa wiki nyingi mpaka mifupa ishikane. Kifundo hakikunjiki tena, lakini viungo vidogo vya mbele ya mguu bado hupinda, ingawa navyo vinaweza kuchoka baada ya miaka.

Kilichonishangaza ni utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2022. Watu 303 wa miaka 50 hadi 85 waligawanywa, wengine wakabadilishiwa, wengine wakaunganishwa. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalitembea vizuri zaidi kuliko awali, na tofauti baina yao ilikuwa ndogo. Waliobadilishiwa walisumbuliwa zaidi na vidonda visivyopona haraka. Walioounganishwa, kama 12 katika kila 100, mifupa yao ilikuwa haijashikana. Basi daktari hakuwa ametudharau. Alikuwa ameutazama ule mfupa uliopinda, akamwuliza babu kazi yake, akajibiwa: jembe.

Nilisafiri Jumamosi hadi Bungoma nikamsomea babu maandishi yangu yote. Ilibidi nikiri mbele ya mjomba kwamba nilimwahidi mzee kitu nisichokijua. Babu alinyamaza, kisha akauliza swali moja tu.

"Mjukuu wangu, baisikeli nitapanda?"

Nilimjibu kuwa wengi huendesha, wakikanyaga pedali kwa sehemu ya mbele ya wayo. Akacheka, akasema basi waunganishe.

Ninapoandika haya ni wiki ya saba tangu apasuliwe. Mguu ungali katika plasta, anatembea kwa magongo, na eksirei ijayo ndiyo itakayoonyesha kama mifupa imeanza kushikana. Baisikeli yake imeegemezwa ukutani, na juzi alinituma nikainunulie breki mpya.