Robine Imekauka, Tanki Imejaa: Toeni Hewa, Musikate Tiyo



Vilima vyetu vinatusaidia: chemchemi iko juu, kijiji kiko chini, maji inashuka yenyewe bila mashini. Lakini kuna siku robine inakauka, na tanki iko na maji. Watu wanasema tiyo imeziba, wanachimba, wanaikata kwa panga, kisha wanachangisha franga za kununua tiyo ingine. Wakati huo mama na mabinti wanarudi mutoni na mabido, na miche ya mboga inanyauka. Mara nyingi tiyo ni nzima: iko na hewa ndani.

Hewa inazuia maji namna gani?

Tiyo inapanda na kushuka kufuata udongo. Wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, chemchemi inapunguka, mudomo wa tiyo unabaki wazi na unavuta hewa. Maji ikirudi, hewa inabanwa kwenye mugongo, yaani pale tiyo inapanda kisha inashuka, na inajaza ule muteremuko.

Tufanye hesabu. Tanki iko mita 12 juu ya robine: hiyo ndiyo nguvu yote ya maji. Kama hewa imejaza muteremuko wa mita 5, inabaki nguvu ya mita 7. Migongo miwili ya namna hiyo, inabaki 2, maji inatoka kidogo tu. Mitatu inakula mita 15, kupita 12: maji inasimama kabisa.

Dalili

Robine inakohoa na kutema. Maji katika glasi iko nyeupe kama maziwa, kisha inakuwa safi kuanzia chini. Kama uchafu unashuka na kukaa chini, ule ni udongo, si hewa.

Kazi ya kufanya

1. Fungeni vane ya tanki na muache tanki ijae. Mudomo wa tiyo uwe ndani kabisa ya maji.
2. Fungueni marobine yote.
3. Fungueni vane pole pole, maji isukume hewa mbele yake.
4. Robine ya karibu na tanki ikiacha kukohoa, ifungeni. Fuateni ya pili, mpaka ya mwisho.
5. Kama maji haifiki, tembeeni kufuata tiyo kutoka tanki. Kwenye mugongo wa kwanza legezeni kiungo kidogo: hewa itapiga muluzi. Maji ikitoka bila muluzi, kazeni, mwende kwenye mugongo unaofuata.

Maji ya kwanza ni ya kumwangilia bustani. Musinywe mpaka itoke safi.

Muangalie

Musitoboe tiyo kwa musumari. Tundu linamwaga maji kila siku, na tiyo ikibaki tupu, linaingiza maji chafu ya udongo. Hapo kuhara inaingia nyumbani, hata kipindupindu.

Ili isirudi

Kwenye kila mugongo wekeni robine ndogo ya kutoa hewa, ndani ya kisanduku chenye kifuniko. Komite ichague watu wawili, wapande na kushuka njia yote ya tiyo, waweke jiwe kwenye kila mugongo na kuandika katika daftari. Siku maji itakatika, watajua pa kuanzia. Franga za tiyo mupya zitabaki kwa kununua mbegu.