Mzigo ukishikwa mpakani, una mwezi mmoja

Mama wa Kiminini anayerudi na maharagwe kutoka Uganda kupitia Suam au Lwakhakha, na mtalii anayeshuka kwenye meli bandarini Mombasa, wote wako chini ya sheria moja: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Mtalii ana wakala wa kumwandalia karatasi. Mama huyu hana, na ndiye anayeumia.

Kuvuka kwenyewe si kazi. Tangu Januari 2014, Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti, na Mganda vilevile huku kwetu. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama kibali cha kukaa hadi miezi 6, bila malipo. Pita ofisi ya uhamiaji uandikishwe, hata kama unarudi jioni.

Kwa mzigo, uliza cheti cha asili kilichorahisishwa. Hutolewa na forodha ya upande unakotoka mzigo, mradi thamani yake isizidi dola 2,000 za Marekani, bidhaa ziwe zimelimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya na ziwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Ukiwa nacho, hulipi ushuru wa forodha. Lakini ukaguzi wa mazao unaofanywa na KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya la afya ya mimea, uko palepale, na kodi nyingine zinazostahili hulipwa. Mitumba haimo, kwa sababu haikutengenezwa kwetu. Njia za panya nazo zina hasara kubwa kuliko watu wanavyodhani: sheria inaruhusu kutaifishwa kwa mzigo na pia chombo kilichoubeba, hata kama ni bodaboda ya mkopo.

Je, wakitaka kukupekua mwili? Ofisa anaweza, akiwa na sababu ya kukushuku. Hata hivyo, mwanamke hupekuliwa na mwanamke tu. Pia una haki ya kuomba kwanza upelekwe mbele ya ofisa mkubwa au hakimu, naye akiona hakuna sababu ya maana, anaweza kuamuru usipekuliwe. Wachache mno hulijua hili. Liseme kwa sauti ya heshima, na useme mbele ya watu.

Sasa lile linalowapotezea watu mali. Mzigo ukikamatwa, mwenyewe asipokuwepo, forodha inapaswa kumpa taarifa ya maandishi ndani ya mwezi mmoja, ikieleza sababu. Mzigo ukikamatwa nawe umesimama pale pale, si lazima wakuletee taarifa hiyo, na siku zinaanza kuhesabika siku ileile. Una mwezi mmoja kuandika barua kwa Kamishna wa Forodha kudai mali yako. Mwezi ukipita kimya, mali inahesabiwa imetaifishwa. Wengi hurudi nyumbani kuomba msaada kwa mtu mkubwa, wiki zinaisha, kisha wanaambiwa wamechelewa. Barua ya mkono inatosha: jina, tarehe, mahali, aina ya mzigo na idadi ya magunia. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kama ubishi ni juu ya kiasi cha ushuru uliotozwa, omba uamuzi upitiwe upya ndani ya siku 30. Usiporidhika na jibu la Kamishna, una siku 45 za kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za kodi.

Na ukiwekwa kizuizini upande wa Kenya, Ibara ya 49 ya Katiba inataka uambiwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, uruhusiwe kuzungumza na wakili, na ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au, saa hizo zikiisha nje ya muda wa kazi wa mahakama, kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata.

Malipo halali hupitia namba ya malipo ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), kwa benki au kwa simu, na risiti hutoka. Anayetaka pesa mkononi, shika jina lake na saa, kisha ripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Na mzigo wako ukiwa umezuiliwa wiki hii, andika barua yako leo.