MWULIZE DAKTARI KWA SIMU, USIPOTEZE SIKU YA KAZI BURE



Mfanyakazi wa shamba la mkonge amepewa vidonge vya shinikizo la damu. Baada ya wiki chache anajiona mzima. Je, aendelee kuvimeza au aache? Zahanati iko mbali. Akienda kuuliza, siku ya kazi imepotea. Akiacha dawa bila kuuliza, shinikizo linaweza kupanda kimyakimya, hata akapooza.

Swali kama hilo linaweza kuulizwa kwa simu. Katika Tanzania, Wizara ya Afya ina namba 199. Kupiga namba hiyo ni bure. Eleza unavyojisikia, ugonjwa ulianza lini, na dawa unazotumia. Soma jina la dawa kwenye pakiti. Hapo ndipo kujua kusoma kunapokusaidia.

Faida kwa mfanyakazi
Hupotezi nauli wala ujira wa siku. Unapata ushauri mapema, kabla ugonjwa haujakuzidi. Ukitakiwa kwenda hospitali, unakwenda ukijua sababu.

Faida kwa mwajiri
Kazi haisimami kwa swali la dakika chache. Mfanyakazi anayefuata dawa zake vizuri haugui mara kwa mara. Kwa hiyo, mwajiri mwenye busara huwapa wafanyakazi nafasi ya kupiga simu wakati wa kazi. Tena huwaacha wazungumze peke yao. Ugonjwa wa mtu ni siri yake.

Simu haitoshi kwa kila jambo
Simu haipimi damu. Ukiwa na homa, nenda ukapimwe malaria. Usinunue dawa kwa kubahatisha. Mtu akishindwa kupumua, akiumwa sana kifua, akizimia, akipata degedege au akitoka damu nyingi, mpelekeni hospitali mara moja. Kwa dharura ya mama mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, pigeni 115. Namba hiyo pia ni bure.

Jihadhari
Mwajiri asiitumie simu kumzuia mgonjwa kwenda hospitali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayestahili likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu mshahara. Lakini ni lazima alete cheti cha daktari. Basi, ukiambiwa upumzike, dai cheti na ukitunze.

Maswali ya kujadili
1. Taja mambo mawili unayoweza kumwuliza daktari kwa simu.
2. Kwa nini homa haitibiwi kwa simu peke yake?
3. Mahali unapofanya kazi, ni nani mwenye simu ya kutumia mtu akiugua ghafla?