Mafunzo Sita Niliyopata kwa Kupenda Mbio za Magari Bila Kusoma Kanuni

Nimerudi Kisondela kuishi uzee wangu kati ya migomba na chai, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya ufundi wa magari Mbeya na Dar es Salaam. Jioni vijana huja kibarazani na simu zao. Wananionyesha magari ya saluni ya Uingereza yakisuguana milango kwenye kona, kisha ya Ujerumani, kisha ya Australia, halafu Safari Rally ikitimua vumbi kule Naivasha. Swali lao ni moja: "Babu, mashindano yapi ni makali kuliko yote?"

Swali hilo nililijibu vibaya kwa miaka mingi. Nilitazama gari na dereva, sikutazama kanuni. Makosa yangu nayaandika hapa kwa ajili yenu mnaotaka kuendesha, kutengeneza au kusimamia mbio, ili msipoteze miaka niliyoipoteza mimi.

1. Uliza kanuni kwanza, ndipo uulize nani kashinda

Pasaka ya mwaka 1973 nilikuwa mvulana wa shule. Tulijazana dukani kwa mjomba, Tukuyu mjini. Redio ilikuwa juu ya kaunta na mvua ilipiga bati hadi mtangazaji akasikika nusunusu. Tukapata habari kwamba katika Safari, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, na Harry Källström wa Sweden, wote wakiwa na Datsun, wamemaliza na pointi za adhabu sawasawa. Ushindi ukapewa Mehta.

Nikamwambia binamu yangu kwamba wamempendelea mwenyeji, na neno hilo nililishikilia hadi nikawa mtu mzima. Kumbe palikuwa na kanuni ya sare: anashinda aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta ndiye aliyevumilia zaidi bila doa, basi haki ilikuwa yake.

Nilishangaa zaidi nilipojua kwamba Waingereza walifikwa na jambo hilohilo mwaka 1958, msimu wa kwanza kabisa wa ubingwa wao wa magari ya saluni. Jack Sears na Tommy Sopwith walilingana pointi. Wakapewa Riley mbili zinazofanana, wakakimbia mizunguko mitano, wakabadilishana magari, wakarudia. Ukijumlisha, Sears alishinda kwa sekunde 1.6. Sare ni ile ile, lakini waamuzi wa Safari waliitatua kwa kumbukumbu za safari na Waingereza kwa mbio mpya. Usimtuhumu mtu wizi kabla hujasoma kilichoandikwa kabla ya filimbi kupulizwa.

2. Bingwa si lazima awe wa kwanza mstarini

Mwishoni mwa miaka ya 1980, gereji yetu Dar es Salaam, mteja mmoja alisahau gazeti la magari kwenye kiti cha nyuma. Nililifungua na mikono ya grisi. Likasema bingwa wa Uingereza wa mwaka 1986, na tena 1987, ni Chris Hodgetts, na gari lake ni Toyota Corolla ya injini ya lita 1.6. Nikawaambia mafundi wenzangu kwamba gazeti limekosea. Corolla niliijua hadi nati ya mwisho. Ingewezaje kuzipita Rover na Ford Sierra zenye injini kubwa?

Jibu ni kwamba haikuzipita. Enzi hizo ubingwa wa Uingereza ulikuwa na madaraja kwa ukubwa wa injini, na kila dereva alipata pointi kwa nafasi yake ndani ya daraja lake. Mshindi wa daraja dogo alivuna pointi sawa na mshindi wa daraja kubwa. Aliyelitawala daraja lake wiki baada ya wiki ndiye aliyetwaa ubingwa, hata kama magari makubwa yalimtangulia mstarini. Mwaka 1991 Waingereza waliyaacha madaraja, wakabaki na magari ya lita 2 peke yake, na tangu hapo hadithi ikawa nyingine.

Kwa hiyo ukilinganisha bingwa wa 1987 na bingwa wa 1992, unalinganisha mitihani miwili tofauti. Na wewe mwenye gari dogo, usikae pembeni. Tafuta mashindano yenye daraja lako, ulitawale.

3. Mzigo wa mshindi una maana yake

Niliposikia mara ya kwanza kwamba Uingereza mshindi huongezewa uzito garini, nilikasirika. Nilisema huko ni kumwadhibu mtu kwa bidii yake.

Mjukuu wangu ndiye aliyenifungua macho. Hapa kwetu watoto hutengeneza baiskeli za mbao, magurudumu ya mbao na breki ya kipande cha tairi, wakashindana kushuka mteremko. Yeye alikuwa akishinda kila siku, mpaka wenzake wakaacha kuja. Siku moja wakakubaliana kwamba aliyeshinda jana, leo atabeba jiwe. Wakamfungia jiwe mbele, karibu na usukani. Nilidhani uzito utamsaidia kwenye mteremko, nami nikakaa kutazama. Kwenye kona ya kwanza jiwe lilimvuta nje, akaishia kwenye majani. Siku ya pili alianza kubana breki mapema, hatua tatu kabla ya kona. Siku ya tano alishinda akiwa na jiwe lake, na mteremko mzima ulikuwa umejaa watoto.

Hiyo ndiyo siri ya kilo za ushindi. Katika ubingwa wa Uingereza zilifikia hadi 75 kwa anayeongoza, kabla ya utaratibu kubadilishwa mwaka 2022. Mashindano ya TCR, yaliyoanza 2015 kwa magari ya turbo ya lita 2 yanayosukumwa na magurudumu ya mbele, nayo huyasawazisha magari ya makampuni mbalimbali kwa kugusa uzito, nguvu ya injini na urefu kutoka chini. Kanuni hizo zinalinda ushindani wenyewe. Dereva hodari hujifunza kushinda akiwa na mzigo.

4. Mbio huishia kwa mkaguzi

Hili linaniuma hadi leo. Katika miaka ya 1990 niliandaa gari la dereva mmoja kwa ajili ya rali hapa nchini. Daraja lake lilitaka injini ibaki na vipuri kama vilivyotoka kiwandani. Mimi nikachonga flaiwili ikawa nyepesi, ili injini ipande haraka. Sikumwambia. Niliamini hakuna atakayefungua gia boksi kwa ajili ya kutazama kitu kile.

Walifungua. Nilisimama pale nikiona mkaguzi akiweka flaiwili kwenye mizani, akasoma, akarudia kusoma, kisha akamwita dereva. Nafasi ya tatu katika daraja lake ikafutwa. Yule kijana alinilipa fedha yangu yote bila kusema neno, na hakuniletea gari tena.

Baadaye nilijifariji, kisha nikajifunza, kutokana na habari za mbio za Bathurst, Australia, mwaka 1987. Ford Sierra mbili za timu ya Eggenberger zilimaliza katika nafasi ya kwanza na ya pili, zikashangiliwa. Miezi kadhaa baadaye zikafutwa, kwa sababu sehemu ya bodi juu ya magurudumu ya mbele ilikuwa imebadilishwa kinyume cha kanuni. Ushindi ukaenda kwa Peter Brock na wenzake wa Holden. Fundi, kila unachokigusa kiguse mbele ya dereva wako na mbele ya kitabu. Jina linalochafuka ni la dereva kabla ya lako.

5. Gharama huua mashindano na huua ndoto

Niliwahi kuuza ng'ombe wawili wa maziwa ili nijenge gari langu mwenyewe la rali. Fedha yote ikaingia kwenye turbo na rimu. Siku ya majaribio sikuwa na tairi la akiba wala fedha ya petroli ya kurudi nyumbani. Mke wangu hakugomba. Aliuliza tu watoto watakunywa nini asubuhi.

Wakubwa nao huanguka hivyo. Mashindano ya Ujerumani, DTM, yaliyoanza 1984, yaliruhusu teknolojia na gharama zikapaa, kisha yakageuzwa kuwa ubingwa wa kimataifa. Mwaka 1996 ulipokwisha, Opel na Alfa Romeo wakajitoa, na mashindano yakafa. Yalifufuka mwaka 2000 tu. Kwenye rali, kanuni ya Kundi B ilihitaji magari 200 tu yatengenezwe ili gari liidhinishwe. Yakazaliwa magari ghali na ya kutisha, na baada ya vifo vya mwaka 1986 Kundi B likapigwa marufuku.

Sasa mtazame Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mbioni na wengine. Walilijua gari lao na walizijua barabara. Anza na gari unaloweza kulilisha.

6. Barabara ni kanuni isiyoandikwa

Mwaka niliporudi nyumbani nilikuja na gari dogo lenye matairi mapana ya lami, kama niliyoyaona kwenye picha za uwanjani. Masika ya huku kwetu Rungwe yakanipokea. Kwenye mlima wa udongo mwekundu, gari lilipanda juu ya tope kama mtu anayetembea juu ya sabuni, likarudi kinyumenyume hadi kwenye chai ya jirani. Pikapu kuukuu iliyobeba ndizi, yenye matairi membamba yenye meno, ikapita taratibu kando yangu. Tairi jembamba lilikata tope likaifikia ardhi ngumu. Langu lilielea.

Ndipo nikaelewa jambo la mwaka 1987 lililokuwa limenisumbua. Mwaka ule mbio za uwanjani na rali zote zilitumia kanuni moja, Kundi A, iliyodai magari 5,000 yatengenezwe. Kwenye viwanja vya lami BMW M3 ilimpa Roberto Ravaglia ubingwa wa dunia wa magari ya saluni. Kwenye ubingwa wa dunia wa rali, M3 hiyohiyo ilishinda mara moja tu mwaka ule, kisiwani Corsica, kwenye lami. Safari ilichukuliwa na Hannu Mikkola kwa Audi 200, gari kubwa linalosukumwa na magurudumu yote manne. Kanuni za karatasi zilifanana. Ardhi ndiyo iliyochagua mshindi.

Ardhi hiyo haina huruma. Mwaka 1963, na tena 1968, mvua na matope ya Safari viliacha magari saba tu yafike mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404.

Vijana wangu, ndiyo maana sitawaambia ni mashindano yapi makali kuliko yote. Kila mashindano huuliza swali lake, na kanuni ndizo swali lenyewe. Kabla hamjanunua tairi moja, tafuteni kitabu cha kanuni cha mashindano mnayoyataka, mkisome na penseli mkononi, ukurasa kwa ukurasa, kisha mkasimame kwenye kituo cha kupimia muda mkiwa wasaidizi wa waamuzi walau msimu mmoja. Msipoelewa ukurasa, njooni nao Kisondela tuusome pamoja.