SOMO LETU: KOSA LILILO CHINI YA MASHINE



Mwaka 2012, nilipokuwa katibu wa tawi, mishahara ya kiwanda kimoja ilichelewa siku tisa. Mwajiri alisema kompyuta haiwaki. Karani wa mishahara akapewa barua ya onyo, kwa kuwa ndiye aliyeweka programu mpya jana yake. Chama kilimwita fundi. Mimi niliishia darasa la saba, nikamwomba aeleze polepole. Haya ndiyo aliyotufundisha.

1. Mpangaji na mwenye nyumba

Kila kompyuta ina programu kuu inayopangia programu nyingine zamu na nafasi. Kiini chake huitwa keneli. Keneli ya Linux ilianzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991.

Lakini makampuni mengi hayana kompyuta kubwa yao wenyewe. Hupanga chumba ndani ya kompyuta ya mtu mwingine. Programu inayogawa vyumba hivyo huitwa haipavaiza. Mojawapo ni Xen, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2003. Basi haipavaiza ni mwenye nyumba, keneli ni mpangaji.

2. Kosa lenyewe

Prosesa mpya zilikuja na amri iitwayo XSAVE. Kazi yake ni kuhifadhi hesabu za programu ambayo zamu yake imekwisha, ili ikirudi iendelee pale ilipoachia. Kabla ya kuitumia, keneli lazima iwashe swichi moja ndani ya prosesa.

Xen za zamani, kama ile iliyokuja na Red Hat Enterprise Linux 5 mwaka 2007, hazikuijua amri hiyo. Mpangaji akiuliza, aliambiwa XSAVE ipo. Akigusa swichi, hakuambiwa "hapana". Aliuawa palepale, na kompyuta haikuwaka. Programu mpya haikuwa na kosa. Karani hakuwa na kosa.

Kwa nini Xen isitengenezwe? Ilitengenezwa katika matoleo ya baadaye. Lakini mpangaji hana ufunguo wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba haharakishi kuzima mashine yenye wapangaji wengi.

3. Kupita kando

Mafundi wa Linux walipata njia mbili. Ya kwanza ni kuificha XSAVE kwa kila mpangaji wa Xen. Ni salama, ila aliyepanga nyumba nzuri naye ananyimwa.

Ya pili ni bora. Keneli hutazama alama mbili: je, prosesa ina XSAVE? Je, Xen yenyewe imekwisha kuiwasha? Zote zikiwepo, inaitumia. Ya pili ikikosekana, inajifanya XSAVE haipo na swichi haiguswi. Fundi anaweza pia kuizuia kwa mkono kwa kuandika neno noxsave wakati wa kuwasha. Ndivyo fundi wetu alivyofanya.

Hasara ipo. Bila XSAVE, amri za AVX za hesabu nzito, ambazo prosesa zake zilianza kuuzwa mwaka 2011, hazitumiki. Lakini mishahara ililipwa.

4. Funzo kwa tawi

Kwanza, aliyeshika mashine ilipokwama si lazima awe ndiye aliyeikwamisha. Tulikwenda kwa meneja na maelezo ya fundi yaliyoandikwa, na barua ya onyo ikafutwa. Tungekwenda na kelele tu, tungerudi mikono mitupu.

Pili, kupita kando si kutibu. Waandishi wa keneli huandika sababu kando ya kila kiraka, ili anayekuja ajue kwa nini kipo. Nasi tuandike.

Tatu, ndugu zangu wa korona, angalieni sana. Kompyuta ikipita kando ya kosa, hakuna anayekatika mkono. Kinga ya mashine ikivunjika na nyapara akisema "pitisheni hivyo hivyo", hapo hakuna kupita kando. Mashine isimame, itengenezwe.

Maswali ya kujadili

1. Ni kosa gani kazini kwenu ambalo mmelizoea, na nani ana ufunguo wake?
2. Je, limeandikwa, au linajulikana kwa mdomo tu?
3. Mwenzenu akipewa barua ya onyo kwa kosa la mashine, mtaonyesha nini?

Umoja ni nguvu.